Nilichomoa Waya Mara Tatu, Nikaandika Makumi Tano

Nimekosa. Nalisema hilo mbele, kabla mutu hajaniuliza, sababu nikianza kwa kuzunguka nitajitetea, na mimi sina utetezi.

Jina langu sitaliandika hapa. Anayejua kusoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, atalipata kule lilikoandikwa, na kule halifutiki hata nilie machozi ya damu. Hapa niacheni niwe tu mwanamuke mumoja wa Kasongo, mwenye kibanda karibu na soko, anayetengeneza maordinatere na matelefone ya watu.

Mimi ni muchafu! Na musidhani najinyenyekeza ili munihurumie. Najiona kinyaa kweli, hata kunawa uso asubuhi ni kazi.

Ngojeni kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Ndani ya kila ordinatere kuna kipande cha programu kinaitwa kerneli. Wewe hukioni. Wewe unaona picha na maandishi, lakini chini kabisa iko kerneli, njo inaiambia disiki "andika", njo inaiambia ekrani "waka". Kerneli ikisema uongo, vyote vilivyo juu yake vinasema uongo.

Hii ninayoifanyia kazi haina tajiri. Kodi yake, yale maandishi yanayoiamuru, iko wazi kwa dunia nzima. Mutu yeyote anaisoma, anarekebisha mistari miwili mitatu, anaituma. Wengine wanampinga, wengine wanaijaribu kwenye mashini zao. Ukishajaribu ukaona inatembea vizuri, jina lako linawekwa chini ya yale mabadiliko: fulani amejaribu. Mustari mumoja tu. Hakuna anayepanda ndege kuja kuangalia kama ulijaribu kweli. Wanakuamini, basi.

Kuandika kodi sikuwa hodari sana. Lakini nilikuwa na vitu viwili ambavyo wale wa mbali hawana: mashini za zamani, na umeme unaokatika. Siku moja waliandika kwamba wanatafuta namna ya kukata umeme makusudi ili waone kerneli inavumilia namna gani. Nikawajibu, "Sisi huku unajikata wenyewe, bila kutumwa." Wakacheka sana. Toka siku ile wakanijua.

Na Kasongo nikawa mutu! Vijana walikuja kibandani niwaonyeshe mustari wenye jina langu. Nilionyesha. Nikaonyesha tena na wasioomba kuonyeshwa. Jirani yangu muuza mawese aliangalia ekrani, akaangalia mimi, akasema, "Yaya, dada yangu, sasa hilo jina litakuzalia watoto?"

Tulicheka wote. Lakini moyoni nilikuwa nimeshavimba.

Sasa sikieni hili la baba yangu. Marehemu baba alikuwa muuza chumvi tu, lakini watu walimuita kila mahali kushuhudia. Ndoa, wanamuita. Mupaka wa shamba, wanamuita. Kila mara aliuliza swali moja: "Mimi nilikuwepo?" Kama hakuwepo, hasemi. Ndugu yake wa tumbo moja alimuomba aseme kwamba shamba la mupunga lilifika hadi kwenye muchikichi fulani. Baba akamujibu, "Huo muchikichi mimi sikuuona ukipandwa." Ndugu yake alimununia miaka mingi.

Mimi ni mutoto wa yule mutu. Astaghafirullah!

Siku moja yakaja mabadiliko ya disiki. Nitayaeleza kwa mufano wa shule. Kerneli ni kama mwalimu anayesoma imla, na disiki ni mwanafunzi. Mwalimu anasema neno, anangoja mwanafunzi aseme "nimeshaandika", ndipo anaendelea. Mutu mumoja akaandika mabadiliko ili kwenye mashini fulani za zamani mwalimu asingoje tena. Asome tu mbio. Mashini zinakuwa nyepesi, kweli kabisa.

Hatari yake mutoto mudogo anaiona. Umeme ukikatika katikati ya imla, mwalimu anafikiri neno liko ndani ya daftari, kumbe mwanafunzi hajaliandika.

Musimamizi wa sehemu ile ya kerneli ni mama mumoja anaishi nchi ya mbali sana. Aliniandikia mimi, kwa jina langu. Alisema katika wote anaowajua ni mimi tu niliyebaki na mashini ya aina ile. Aliomba hivi: niache mashini iandike, nichomoe waya, niiwashe tena, nikague kila faili. Mara makumi tano. Faili zikibaki nzima mara zote makumi tano, ayaingize.

Mashini ile betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazimika palepale. Kuwaka kwake ni polepole, na ukaguzi nao ni polepole. Mara moja ni karibu dakika makumi mbili. Mara makumi tano ni kazi ya siku mbili, tatu, ya kukaa kitako kama kuku anayelalia mayai.

Nilianza asubuhi. Mara ya kwanza, salama. Mara ya pili, salama. Mara ya tatu, salama.

Saa ile wakaniita. Binti wa mama mudogo wangu alikuwa anaolewa, na siku ile ilikuwa ya hina. "Weye, fundi wa hina amefika! Unangoja nini na hiyo chuma?" Nilijua nikishapakwa hina mikono itafungwa vitambaa hadi jioni, siwezi kugusa kitu. Na nilijua mulango wa kuingiza mabadiliko unafungwa juma lile lile. Nikichelewa, yanaingia bila jina langu, ama hayaingii kabisa.

Nikawaza, mara tatu salama, makumi tano itakuwa na tofauti gani?

Nikaandika: "Nimejaribu mara makumi tano. Faili zote nzima." Nikatuma. Nikaenda kupakwa hina.

Kwa ajili ya hina! Ptuu!

Majibu yalikuja kesho yake. Yule mama alinishukuru mbele ya wote. Alisema uvumilivu kama wangu ni haba siku hizi. Nilisoma maneno yale vidole vyangu vikiwa vyekundu bado, nikatabasamu peke yangu kibandani. Hata sikusikia haya. Hilo njo linalonichefua zaidi, kwamba sikusikia chochote.

Sasa mashini ile ilikuwa na pacha yake. Zilitoka katika karto moja, boksi moja, mbili za aina moja. Ya pili niliiuza Kabambare, kwa muzee mumoja mwalimu wa zamani wa shule ya misheni. Wote wanamuita Mwalimu, nami nitamuita hivyo. Anatembea kijiji kwa kijiji akikamata sauti za wazee mu telefone yake: hadithi za Kibangubangu, nyimbo za kutwanga, majina ya mababu. Nyumbani kwake umeme ni wa pano ya jua na betri ya gari iliyochoka. Wingu likipita, mashini inazimika. Kila siku, mara mbili, mara tatu.

Mwalimu alinitumia ujumbe kwamba mashini imekuwa nzito, na telefone yake imejaa sauti. Nikapanda moto, yaani pikipiki, hadi Kabambare, siku nzima na kipande mu matope, na ile kerneli mupya mu flash, yenye jina langu ndani. Nilikuwa na hamu kweli ya kuiweka.

Nilimukuta na mugeni uani. Bibi Mariamu, mwanamuke muzee sana, amekonda, anakohoa, lakini macho yake yanacheka. Alikuwa mugonjwa na alijua haponi. Binti yake wa pekee, Feza, ambaye kwa heshima namuita Mama Feza, alikuwa Salamabila, amezaa mapacha juma lililopita. Njia ya mvua kwa moto, na vichanga viwili, haiwezekani.

Mwalimu akanieleza kwamba Bibi alitaka kumuaga binti yake kwa sauti yake mwenyewe. Kumupigia telefone hakutaka. "Telefone inakata maneno katikati," alisema. Alikuwa ameshasema yote, yakakamatwa ndani ya telefone ya Mwalimu, siku mbili kabla sijafika. Alimutoa Mwalimu inje kwanza, ndipo akasema. Mwalimu mwenyewe hajui aliyosema. Na Bibi alimuapisha: asiifungue, mutu asiifungue, hadi siku yake ya arobaini, Mama Feza akiwa amekaa mbele.

Bibi akaniangalia nikifungua mashini. "Binti, hii chuma itanikumbuka?"

"Itakukumbuka, Bibi."

"Mume wangu naye alisema hivyo," akasema, "akaenda Kindu, hakurudi."

Tukacheka mpaka akashikwa na kikohozi, Mwalimu akamuletea maji.

Nikaweka kerneli mupya. Mashini ikawa nyepesi, Mwalimu akafurahi kama mutoto. Nikahamisha sauti zote toka telefone, na ile ya Bibi. Kisha nikamuambia, "Sasa tufute kwenye telefone, upate nafasi."

Mwalimu akasita. "Tusibakishe hata hii moja ya Bibi?"

Nikamujibu, na haya ni maneno yangu neno kwa neno: "Mwalimu, usiogope. Huku iko salama kuliko huko. Hii kitu niliijaribu mwenyewe, nilichomoa waya mara makumi tano, siku tatu; walitafuta dunia nzima, wakanipata mimi."

Akasema, "Basi kama ni weye umejaribu."

Nikafuta. Kwa kidole hiki, chenye hina.

Bibi Mariamu alikufa juma lililofuata.

Siku ya arobaini Mwalimu aliniita nije niangalie mashini isilete shida mbele ya watu. Nikaenda. Ua wake ulijaa. Kisomo kilikwisha, wali ulikuwa jikoni. Mama Feza alikuwa amefika jana yake toka Salamabila kwa moto, mapacha wawili, mumoja kifuani, mumoja mugongoni kwa dada yake wa ukoo. Alikuwa amechoka lakini uso wake ulikuwa umetulia. Alikaa kwenye mukeka mbele kabisa, akasema, "Haya, nimefika. Mama aseme."

Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikaangalia uzito wa faili. Sifuri. Jina liko pale, "Bibi Mariamu kwa Feza", limeandikwa vizuri, na ndani hakuna kitu. Nikafungua nyingine. Nusu ya sauti za Mwalimu zilikuwa hivyo hivyo, majina ya wazee yamepangwa, na kila moja sifuri. Na Mwalimu hakuweza kujua mapema, sababu ile ya Bibi alikatazwa kuifungua, na zile zingine alikuwa anangoja msimu wa kiangazi azisikilize.

Nilijua palepale: wingu lilipita, umeme ukakatika, na disiki ilikuwa haijaandika. Wengine wote pale walikuwa hawajui, mimi nilijua.

"Mbona haisemi?" Mama Feza akauliza.

"Ngoja kidogo, mama."

"Inangoja nini?"

Mwalimu alikuja kuinama karibu yangu, akaona zile sifuri, akaelewa. Yeye njo alimuambia. Alipiga magoti kwenye mukeka, muzee yule, akamushika mikono. "Feza, mutoto wangu, sauti imepotea."

Mama Feza hakulia kama watu wanavyolia musibani. Alisema tu, "Alisema nini? Nani alisikia? Mutu mumoja aniambie basi alisema nini!" Akawa anawageukia watu mumoja mumoja. Hakuna aliyesikia. Ni Bibi mwenyewe alitaka hivyo.

Mjomba wake, mudogo wa Bibi, akasimama. "Nani alileta hiyo mashini? Nani alifuta telefone?" Vidole vyote vikanionyesha. Akanijia, na angenipiga, na laiti angenipiga!

Mwalimu akaingia katikati yetu. Akasema kwa sauti ya darasani, watu wote wanyamaze: "Mumuache. Huyu binti alijaribu kitu hiki mara makumi tano kabla ya kukileta kwetu. Walitafuta dunia nzima mutu wa kujaribu, wakamupata yeye. Alikaa siku tatu akichomoa waya. Mimi nashuhudia. Kosa ni la chuma, si la mutu."

Munajua, Mwalimu ni mutu ambaye Kabambare nzima hawamubishii. Akisema leo ni Ijumaa, watu wanaenda kuoga kwa sala. Wote wakatulia. Mjomba akashusha mikono, akaniambia, "Nisamehe, binti. Ni uchungu."

Akanipa mukono. Nikaupokea.

Wakanipa sahani ya wali na paja la kuku, mugeni aliyesingiziwa. Nikala! Mama Feza alikuwa ndani ananyonyesha, analia sasa chinichini, na mimi nilikuwa uani nakula wali wa arobaini ya mama yake. Nilimeza matonge matatu, manne, kisha nikakimbia nyuma ya choo nikatapika yote. Mwanamuke mumoja alinifuata na maji. "Pole, yaya," akaniambia, "umechukua haya mambo moyoni sana."

Uongo wangu nilikuwa nimeusema mwenyewe kwa mukono wangu. Lakini sasa ulikuwa mudomoni mwa Mwalimu. Mutu safi aliusema mbele ya watu kwa kuniamini, na akauita ushahidi. Najaribu kutafuta neno la kujiita na silioni. Panya anakula muhindi wako, lakini hamutumi jirani yako akuapie kwamba hajala.

Nilichukua disiki nikarudi nayo Kasongo. Juma zima nilifukua. Programu zote ninazozijua nilizitumia. Telefone ya Mwalimu nayo, lakini ilikuwa imeshajazwa sauti zingine juu yake. Mwishowe disiki ikanipa sekunde tisa. Jogoo anawika. Bibi anakohoa. Kisha anasema, "Mwalimu, toka kwanza inje." Basi. Inakatika pale.

Nilizisikiliza mara sijui ngapi. Kila mara nilifikiri pengine safari hii ataendelea.

Nikafunga kibanda, nikamuandikia yule mama musimamizi. Sikupamba. "Sikujaribu mara makumi tano. Nilijaribu mara tatu. Nilidanganya. Mutu amepoteza kitu kisichorudi." Nikatuma mbele ya wote, si kwa siri, kule kule aliponisifu.

Alijibu siku ile ile. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema mabadiliko yameondolewa leo, na ameandika sababu: jaribio lililotajwa halikufanyika. Jina langu kwenye ule mustari wa zamani haliwezi kuondolewa, historia ya kerneli haifutwi. Kisha akauliza: "Kuna jambo bado hatulijui. Je, jaribio la kweli lingelionyesha hilo kosa? Na mara ya ngapi? Ukiweza, tafadhali fanya sasa."

Nilikaa na lile swali siku kadhaa. Nilikuwa na mashini hapo hapo mezani na sikuthubutu. Nilitamani jibu liwe kwamba lisingeonekana hata mara mia. Munaona uchafu wangu? Hata pale bado nilikuwa natafuta mulango wa kutokea.

Mwishowe nikabeba mashini yangu mugongoni, nikapanda moto tena hadi Kabambare.

Nilimuambia Mwalimu kwanza, sisi wawili, kwenye ua wake. Nilisema yote, na hina pia. Alisugua goti. Kisha akauliza, "Mara tatu?"

"Mara tatu, Mwalimu."

"Na mimi nikasema makumi tano mbele ya watu."

Nikalia. Hakunibembeleza. Aliingia ndani akavaa shati lake la kanisani, akatoka na fimbo. "Twende."

Mama Feza alikuwa bado kwa mjomba wake, anangoja njia ikauke. Mwalimu aliomba watu wa nyumba waitwe, na majirani waliokuwepo siku ile. Wakaja, wakakaa. Nilifikiri atanisema. Nilikuwa tayari anisute, wanipige mawe, wanifanye wanavyotaka.

Mwalimu alivua kofia. "Siku ya arobaini nilishuhudia jambo mbele yenu. Nilisema huyu alijaribu mara makumi tano. Mimi sikuwepo, sikuona. Nilisema kitu nisichokiona, na ni uongo. Naomba munisamehe."

Yeye njo aliomba musamaha! Muzee wa miaka ile, ameshika kofia mikononi, mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Na mimi nimesimama pembeni yake na afya yangu.

Wallahi, katika maisha yangu sijajichukia kama saa ile. Nikapiga magoti, nikasema ni mimi, ni mimi, Mwalimu hana kosa. Mjomba akatema mate chini karibu na muguu wangu, akaingia ndani. Hakurudi.

Mama Feza alibaki. Nilimupa sekunde tisa, mu telefone yake. Akazisikiliza, sikio limebanwa. "Mwalimu, toka kwanza inje." Akazirudia. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitakielezea.

Kisha akanishangaza. "Hiyo mashini uliyobeba ni ile ile uliyodanganya nayo?"

"Njo yenyewe."

"Na kile kitu kibaya kiko ndani bado?"

"Kiko."

"Fanya hapa. Mbele yangu. Mimi nitahesabu."

Mwalimu alileta betri yake ya gari. Nikawasha. Nilitaka kuweka faili yoyote ya kujaribia, Mama Feza akakataa. "Weka sauti yako. Sema ile uliyowaandikia wazungu wako."

Ikabidi niseme. Nikakamata sauti yangu mwenyewe: "Nimejaribu mara makumi tano. Faili zote nzima."

Nikaanza. Mashini inaandika, nachomoa waya, nawasha, tunangoja, tunafungua faili, tunasikiliza. Sauti yangu inatoka: "Nimejaribu mara makumi tano. Faili zote nzima." Mama Feza anasema, "Moja." Tunaanza tena. "Mbili." Tena. "Tatu."

Pale kwenye tatu aliniangalia.

Ine. Tano. Majirani waliondoka mumoja mumoja, wana kazi zao. Sita. Mapacha waliamka, wakanyonya, wakalala. Saba. Kila mara ile sauti yangu, yenye furaha ya kijinga, inarudia uongo wake, na ni lazima niisikilize hadi mwisho. Nane. Tisa. Mwalimu alituletea mihogo ya kuchemusha, hakuna aliyeigusa. Kumi.

Nilianza kuomba Mungu, na naona aibu kuwaambia niliomba nini. Niliomba tufike makumi tano. Niliomba kosa lisionekane kabisa, ili niweze kusema hata ningejaribu kweli yangekuwa yale yale.

Nikachomoa waya. Nikawasha. Tukangoja. Nikafungua faili.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Jina liko pale, ndani sifuri.

Mama Feza aliangalia vidole vyake, kama anahakikisha hesabu. "Kumi na moja," akasema. Kisha akauliza, polepole, kama mutu anayeuliza njia: "Kumi na moja tu?"

Jua lilikuwa halijafika hata alasiri. Siku ile ya hina, kama ningeendelea, ningemaliza kumi na moja kabla ya adhuhuri, ningemuandikia yule mama "haya mabadiliko ni mabaya", na ningewahi hina yangu. Fundi alipaka watu hadi magharibi.

Mama Feza aliinuka, akabeba mutoto mumoja, akaenda ndani kumuchukua mwingine. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Kesho yake alirudi Salamabila na sekunde zake tisa.

Nilimuandikia musimamizi: mara ya kumi na moja. Akajibu asante, akaandika hiyo namba kwenye mustari mupya, pamoja na jina langu. Iko pale leo, atakaye aende asome.

Kibanda bado nakifungua. Vijana wakija wanataka kuona jina, nawaonyesha, na namba nawaonyesha. Jirani wa mawese hanitanii tena kuhusu hilo, na mimi namutafuta anitanie.

Wewe unayesoma, sijui kazi yako. Pengine unapima dawa, unapima dhahabu, unakagua breki za moto, unaweka sahihi chini ya karatasi ya mutu. Siku moja utachoka, kutakuwa na harusi, na uliyoyaona mara tatu yatakutosha. Usiandike! Sema "nimeona mara tatu", uende kwenye harusi yako na mikono safi. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo, na mimi hakuna ambaye angenicheka.

Mama Feza hatajua kamwe mama yake alimuambia nini. Na mimi nilikuwa nimebakiza mara nane.